Kiharusi cha mtoto mwenye selimundu kinapimika kabla hakijapiga

Kati ya watoto 100 wenye selimundu ya aina ya SS, yaani waliorithi S kwa baba na kwa mama, wasiopewa kinga yoyote ya ubongo, wapatao 11 hupata kiharusi cha wazi kabla ya kutimiza miaka 20. Hesabu hiyo ilitoka Marekani mwaka 1998, baada ya wagonjwa zaidi ya 4,000 kufuatiliwa kwa miaka mingi. Ilionyesha pia jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi kliniki: hatari ya mshipa wa ubongo kuziba huwa kubwa kuliko wakati wowote kati ya miaka 2 na 5, yaani umri ambao mtoto hajaanza hata darasa la kwanza. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka na imo katika nchi chache zinazoongoza duniani. Ukiziweka hesabu hizo pamoja, utaelewa kwa nini daktari wa zamu Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili hashangai akiletewa mtoto wa miaka minne aliyepooza upande mmoja.

Kutoshangaa huko ndiko kunakotusumbua. Kiharusi cha mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita mtaani, kimezoeleka kuhesabiwa kuwa ajali: kimetokea, tufanyeje, tumpeleke mazoezi. Lakini mara nyingi mshipa uliokuja kuziba ulikuwa unabana kwa miezi, pengine miaka, na ungeweza kupimwa. Dawa ya kuuzuia nayo ipo na inamezwa nyumbani. Msimamo wa makala haya ni kwamba Dar es Salaam inaweka nguvu zake mahali pasipo penyewe. Dawa hiyo, haidroksiyurea, inapaswa kuanza kwa kila mtoto wa SS tangu akiwa na miezi tisa, bila kungoja aumwe sana na bila kungoja kipimo cha mishipa ya kichwa. Kipimo hicho nacho kibaki na kazi yake halisi, ya kuwachuja wale ambao dawa peke yake haitoshi.

Tuanze na mshipa wenyewe. Wengi hudhani chembe zenye umbo la mundu zinakwama kichwani kama zinavyokwama kwenye mifupa mtoto anapopata maumivu. Kwenye mishipa midogo ndivyo ilivyo. Kiharusi cha mtoto, hata hivyo, hutokea zaidi kwenye mishipa mikubwa: mwisho wa mshipa wa shingo unapoingia kichwani, na matawi yake mawili ya mwanzo, la kati na la mbele. Huko ukuta wa ndani wa mshipa huota makovu na kunenepa. Chembe nyekundu zinazopasuka kila siku humwaga himoglobini kwenye maji ya damu, nayo himoglobini hiyo hula naitriki oksaidi, kemikali inayoufanya mshipa ulegee. Chembe nyeupe zikiwa nyingi hung'ang'ania ukuta na kuuchubua. Juu ya hayo, mtoto mwenye himoglobini ya gramu 7 kwa desilita ana ubongo unaodai oksijeni ileile anayoidai mwenzake mwenye gramu 12, hivyo moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwenda kichwani. Damu nyingi, njia nyembamba: mwendo unapanda, kama maji yanavyoruka kwa kasi ukibana mdomo wa mpira wa kumwagilia. Mwendo huo ndio tunaoupima.

Mashine ya kuupima ni ya mawimbi ya sauti, ndugu wa ile ultrasaundi ya wajawazito, na kipimo chenyewe tutakiita Dopla ya kichwa. Mwaka 1998 jaribio lililoongozwa na Dk. Robert Adams huko Marekani lilichapishwa. Watoto 130 waliokuwa na mwendo wa sentimita 200 kwa sekunde au zaidi waligawanywa makundi mawili: wengine wakaongezewa damu kila mwezi, wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Kundi la kawaida lilipata viharusi 11. Kundi la damu lilipata kimoja. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima damu waliobaki. Tangu hapo mipaka imekuwa hii: chini ya 170 ni kawaida, 170 hadi 199 ni ya tahadhari, 200 kwenda juu ni hatari. Mtoto wa SS anapaswa kupimwa kila mwaka tangu miaka 2 hadi 16. Akiwa kwenye tahadhari, arudie baada ya miezi mitatu hivi; akifika 200, arudie ndani ya wiki moja au mbili ili kuthibitisha, na matibabu yapangwe papo hapo.

Kipimo chenyewe hakina sindano wala dawa ya usingizi, ila kina masharti, na kwenye masharti ndiko kinakoharibika. Mtoto hulala chali, macho wazi. Mpimaji hupaka jeli juu kidogo ya sikio, mbele yake, mahali ambapo fuvu ni jembamba, kisha huweka kifaa na kutafuta sauti ya mshipa, akiongeza kina milimita mbili mbili na kuandika mwendo wa juu kabisa anaoupata kila hatua. Humaliza upande mmoja, huhamia wa pili. Nusu saa inatosha. Mtoto akilia, anapumua haraka, kaboni dayoksaidi inashuka, mishipa inabana na namba inadanganya kwa kushuka. Akisinzia inakuwa kinyume chake: namba inapanda. Homa nayo huipandisha. Akiwa ameongezewa damu wiki chache zilizopita, namba hushuka na kuonekana nzuri wakati hatari haijaondoka. Kwa hiyo mtoto aliyetoka wodini juzi asipimwe leo, na anayelia atulizwe, apewe maziwa au katuni kwenye simu ya mama, kuliko kuandika namba isiyo na maana.

Yapo mengine mawili ambayo hata wataalamu huyasahau. Mashine kubwa za ultrasaundi zinazoonyesha picha hutoa namba za chini kuliko ile mashine ndogo iliyotumika Marekani, kwa asilimia 10 hadi 15 hivi. Hivyo 185 kwenye mashine ya picha haipaswi kusomwa kama tahadhari tu. La pili, mshipa usiosikika kabisa, au wenye mwendo wa chini mno upande mmoja, si habari njema. Unaweza kuwa umebana kiasi kwamba damu haipiti tena. Ripoti inayosema "mshipa wa kulia haukuonekana" isifungwe kwenye faili; mtoto huyo anahitaji MRI ya mishipa, yaani picha ya mashine ya sumaku.

Sasa tuseme ukweli kuhusu jiji letu. Muhimbili imekuwa ikifuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu wa kitafiti tangu mwaka 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, na ujuzi wa Dopla upo hapo. Ila mikono iliyofundishwa ni michache ukilinganisha na watoto, na mtoto anayetoka Chanika, Mbagala Rangi Tatu au Bunju hufika Muhimbili, Upanga, baada ya daladala mbili na foleni, akiwa amechoka, ana njaa, na tayari analia. Tukisema haidroksiyurea isianze mpaka mtoto apimwe, maana yake ni kwamba wa Chanika ataanza akiwa na miaka saba, kilele cha hatari kikiwa kimeshampita. Miongozo ya Marekani tangu mwaka 2014 inapendekeza dawa hii kwa watoto wa SS kuanzia miezi tisa hata kama hawajawahi kulazwa. Sioni sababu ya mtoto wa Dar, ambaye damu na vipimo ni vigumu zaidi kwake, acheleweshwe kuliko huyo.

Na si kwamba tunaazima ushahidi wa mbali. Jaribio la nchi nne, Angola, Kongo, Kenya na Uganda, lililotoka mwaka 2019, liliwapa dawa watoto 606 wa mwaka 1 hadi 10. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kulishuka kwa theluthi mbili, na vifo vilitoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Hapa nyumbani, Bugando ya Mwanza iliwapa dawa watoto waliokuwa kwenye tahadhari, na mwendo wa damu kichwani ulishuka. Uganda mwaka 2020 walionyesha kwamba dozi inayopandishwa taratibu mpaka mtoto anapoihimili, karibu miligramu 30 kwa kilo, inapunguza maumivu, damu na kulazwa kuliko dozi isiyobadilika ya 20, na madhara hayakuongezeka. Upo pia utafiti wa Nigeria uliolinganisha miligramu 10 na 20 kwa watoto wenye mwendo wa hatari bila kuona tofauti ya viharusi. Wengine wameushika huo kutetea dozi ndogo. Mimi nausoma hivi: pale vipimo vya damu havipatikani kabisa, dozi ndogo ni bora mara nyingi kuliko kukosa dawa, lakini Dar es Salaam maabara zipo, FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) inatoka siku hiyohiyo, na waliopata 20 walilazwa mara chache kuliko wa 10. Jiji lenye maabara halina sababu ya kuridhika na dozi ya kijiji kisichokuwa nayo.

Dozi ndiyo sehemu inayofeli kimyakimya kuliko zote. Kapsuli inayopatikana famasi ni ya miligramu 500. Mtoto wa kilo 12 kwa miligramu 20 kwa kilo anahitaji 240 kwa siku, na hawezi kumeza kapsuli. Njia inayofanya kazi nyumbani ni hii: mzazi avae glavu, afungue kapsuli juu ya kikombe, amimine unga kwenye mililita 10 za maji alizopima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akoroge dakika chache. Chenga zitakazobaki chini ni za kujazia kapsuli. Dawa imeshaingia kwenye maji. Avute mililita 5 ampe mtoto, ambazo ni miligramu 250. Kilichobaki kimwagwe chooni, kikombe kioshwe peke yake na kisinywewe kitu kingine. Mama mjamzito asiushike unga huo. Baba, bibi au shangazi afanye kazi hiyo. Baadhi ya madaktari huwaandikia watoto wanaoweza kumeza kapsuli moja siku moja na kupumzika siku inayofuata, ili wastani ubaki uleule. Inakubalika, mradi siku ziwekewe alama kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu "jana alikunywa au hakunywa?" ni swali linaloharibu matibabu ya mwaka mzima.

Kisha mtoto anakua. Yule wa kilo 12 akifika kilo 16 na dozi ikabaki miligramu 250, sasa anapata chini ya 16 kwa kilo, na hakuna aliyepunguza. Amejipunguzia kwa kunenepa. Ndiyo maana mizani ni kifaa cha kuzuia kiharusi. Kila kliniki: pima uzito, gawanya dozi kwa kilo, andika jibu. FBP ichukuliwe baada ya wiki nne za mwanzo, kisha kila mwezi dozi inapopandishwa, halafu kila miezi miwili au mitatu ikishatulia. Dozi hupandishwa kwa miligramu 5 kwa kilo kila wiki nane, isivuke 35. Neutrofili (aina ya chembe nyeupe) zikishuka chini ya 1,000 kwa maikrolita au chembe sahani chini ya 80,000, dawa isimamishwe wiki moja, damu ipimwe tena, kisha irudishwe kwa dozi ya chini kidogo. Kusimamisha na kusahau kurudisha ni kosa la kawaida kuliko sumu ya dawa yenyewe.

Wazazi wana maswali, na yana haki ya kujibiwa bila kukemewa. "Daktari, si dawa ya kansa hii?" Ndiyo, hutumika pia kwenye baadhi ya saratani za damu, kwa dozi na makusudi tofauti, watoto wa selimundu wamefuatiliwa kwa miaka mingi wakiitumia bila saratani kuongezeka. "Kucha zimekuwa nyeusi." Hutokea, haidhuru. "Itamletea malaria?" Jaribio la Uganda la mwaka 2017 lilionyesha malaria haikuongezeka. "Atakunywa mpaka lini?" Miaka yote, na jibu hili lisemwe siku ya kwanza, kwa sababu mzazi anayedhani ni dozi ya miezi mitatu ataacha pale mtoto anapoanza kucheza mpira. Faida yenyewe huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita: himoglobini ya kichanga, ile anayozaliwa nayo mtoto, inapanda, chembe zinadumu, mtoto anaongezeka gramu moja au zaidi ya himoglobini, na ubongo hauhitaji tena mafuriko ya damu. Masika barabara ya Jangwani hufungwa kwa maji na miadi mingi ya Aprili hupotea. Kliniki inayotoa dawa za miezi miwili kuanzia Machi inaokoa watoto bila kuongeza hata senti moja kwenye bajeti.

Akipatikana mwenye 200 au zaidi, mambo hubadilika. Kinga yenye ushahidi mzito zaidi ni kuongezewa damu kila wiki tatu hadi nne ili himoglobini S, ile ya selimundu, ibaki chini ya asilimia 30. Na damu hiyo haiachwi hovyo: mwaka 2005 ilionekana kwamba watoto walioacha baada ya miezi 30 au zaidi walirudi kwenye mwendo wa hatari, na wengine wakapata kiharusi. Mwaka 2016 ukaja ufumbuzi: watoto waliokwisha kupata damu kwa mwaka au zaidi, na mishipa yao kwenye MRI haijaharibika sana, wanaweza kuhamishiwa haidroksiyurea ya dozi ya juu wakabaki salama, ilimradi damu ipunguzwe taratibu huku dawa ikipanda, si kukatwa ghafla.

Damu ya kila mwezi Dar es Salaam ni mzigo ambao lazima uelezwe kwa hesabu. Kila mililita ya chembe nyekundu zilizokamuliwa hubeba takriban miligramu 1 ya chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa. Baada ya damu mara 20 hivi, au feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) ikivuka 1,000, mtoto anahitaji dawa ya kutoa chuma, na dawa hiyo ni ghali kuliko haidroksiyurea. Damu ikipimwa kwa makundi ya ABO na Rh D pekee, bila yale madogo ya C, E na K, baadhi ya watoto hutengeneza kingamwili na kuanza kuikataa. Akiba ya damu salama hushuka shule zinapofungwa, kwa kuwa wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya wachangiaji. Kwa sababu hizo, pale damu ya kila mwezi haiwezekani, miongozo ya kimataifa ya mwaka 2020 inakubali haidroksiyurea ya angalau miligramu 20 kwa kilo kwa watoto hawa. Pendekezo langu kwa hospitali zetu ni la kati: damu kwa miezi michache ya mwanzo, huku dawa ikipandishwa haraka mpaka dozi ya juu, kisha Dopla irudiwe kila miezi mitatu.

Kuna jambo la ndugu wachangiaji linalohitaji kusemwa wazi. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa baba na nyingine kwa mama. Kwa hiyo wazazi wake kwa kawaida ni AS, yaani wabebaji wa S moja, na wajomba, shangazi na kaka wengi nao ni AS. Wachangie, damu yao inafaa kwa wagonjwa wengine, lakini chupa ya baba isiwekwe kwa mwanawe. Karibu asilimia 40 ya himoglobini iliyomo ni S, lengo la chini ya 30 halitafikiwa, na tena ikitokea siku moja mtoto akapandikizwa uboho, kingamwili dhidi ya damu ya familia humharibia nafasi hiyo.

Siku kiharusi kinapopiga, saa zinahesabika. Dalili za mtoto mdogo si zile za babu. Anaweza kuanza kuangusha kijiko, kuburuta mguu mmoja, kutumia mkono wa kushoto ghafla, kunyamaza au kutafuna maneno, kupata degedege asiyekuwa na historia nayo, au kulala usingizi usio wa kawaida. Dalili zikiisha baada ya nusu saa, bado ni dharura; hiyo ni onyo la kiharusi kamili. Yupo pia mtoto asiyeinua mkono kwa sababu mfupa unauma. Huyo hulia ukimgusa, uso wake uko sawa na maneno yake pia. Ukishindwa kutofautisha, mchukulie wa kiharusi. Mzazi asimpe chakula wala maji mtoto ambaye mdomo umepinda, maana anaweza kupaliwa. Asimsugue mafuta, asimngoje mganga wala shekhe kwanza. Maombi yafanyike bajaji ikiwa njiani.

Hospitalini, kazi huenda sambamba. Apewe oksijeni kama imeshuka chini ya asilimia 95, sukari ipimwe papo hapo, malaria ipimwe, damu ya makundi ichukuliwe, homa ishushwe kwa parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, degedege lizuiwe, maji ya mishipani yawe ya kiasi cha kawaida tu. CT skani bila dawa ya rangi inahitajika kujua kama damu imevuja kichwani, hasa mtoto akilalamika kichwa kikali au akizimia. Lakini skani isicheleweshe damu. Lengo ni kuongezewa ndani ya saa mbili tangu afike, na saa hizo ndizo hupotelea kwenye kutafuta karatasi ya msamaha wa malipo, kulipia skani, na kumtuma baba Damu Salama Ilala. Mtoto wa selimundu mwenye upande uliopooza anahitaji damu hata kabla filamu haijatoka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda wanayopewa watu wazima haipendekezwi kwake, na aspirini haichukui nafasi ya damu.

Kiasi gani? Chukua uzito mara gramu zinazohitajika mara 4 kwa chembe nyekundu zilizokamuliwa. Mtoto wa kilo 15 mwenye himoglobini 7, lengo 10: 15 mara 3 mara 4, sawa na mililita 180, zipite kwa saa nne. Ikiwa ipo damu nzima tu, zidisha kwa 6 badala ya 4. Himoglobini isivuke 10 au 11, na hapa ndipo nia njema huua. Mtoto ambaye bado ana S zaidi ya nusu, akipandishwa mpaka 13, damu yake inanata na kiharusi kinaongezeka. Aliyefika na himoglobini 9 au 10 asiongezewe tu. Abadilishiwe damu, yaani ya kwake itolewe na nyingine iingie, kazi inayoweza kufanywa kwa mkono, mililita 5 hadi 10 kwa kilo kwa awamu, na daktari aliyeizoea. Shinikizo la damu lisishushwe kwa pupa; huenda ndilo linalousukumia damu ubongo ulionusurika.

Baada ya hapo watu hushukuru kwamba mtoto amepona, na miadi inapotea. Bila kinga, karibu theluthi mbili ya waliopata kiharusi hupata kingine, wengi ndani ya miaka miwili au mitatu, na cha pili huwa kizito kuliko cha kwanza. Mtoto huyu ndiye wa kwanza kustahili damu ya kila mwezi inapopatikana. Isipopatikana, haidroksiyurea isikosekane hata wiki moja. Mazoezi ya viungo yaanze akiwa bado wodini, na nyumbani mkono mzuri ufungwe kwa kitambaa kwa saa moja au mbili kila siku ili ule dhaifu ulazimike kushika kikombe. Vyombo vya habari vimefurahia, na kwa haki, upandikizaji wa uboho ulioanza Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023. Lakini unahitaji ndugu wa baba na mama wamoja mwenye uboho unaolingana, na kila ndugu ana nafasi moja tu kati ya nne. Wengi hawatampata ndugu huyo.

Shule nayo haipaswi kuachwa nje. Watoto wengi kuliko wale wa kiharusi cha wazi hupata viharusi vya kimya: sehemu ndogo za ubongo zinakufa bila mkono kulegea wala mdomo kupinda. Hadi miaka 14, zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano wa SS anakuwa navyo. Vinaonekana kwenye MRI, lakini mwalimu huviona mapema zaidi: mtoto aliyekuwa anafuata somo sasa anasahau maagizo ya hatua mbili, anachelewa kumaliza, alama zinashuka. Anaitwa mvivu na kuchapwa. Mwalimu akiona hivyo amwandikie mzazi, na mzazi apeleke barua hiyo kliniki kama anavyopeleka majibu ya maabara.

Ningependa kuona badiliko moja kwenye kadi ya kliniki ya kila mtoto wa selimundu jijini, na halihitaji wafadhili. Ukurasa wa kwanza uwe na mistari minne inayosasishwa kwa kalamu kila miadi: himoglobini yake ya kawaida akiwa mzima, namba ya Dopla ya mwisho na tarehe yake, dozi ya haidroksiyurea kwa miligramu na kwa kilo, na kundi la damu pamoja na tarehe ya mwisho kuongezewa. Daktari wa zamu Temeke saa nane usiku hamjui mtoto huyu. Akisoma kwamba himoglobini yake ya kawaida ni 7.5 na leo ni 5, atajua kuna malaria au maambukizi yaliyomwangusha na atayatafuta. Akisoma kwamba kawaida yake ni 9.5 na leo ni 9.5, atajua asimwongezee tu, atampigia simu wa Muhimbili kuhusu kubadilisha damu kabla hajaomba hata chupa moja.